Jinsi ya kuhamishia sarafu za kripto kwenye pochi ya kifaa bila kuzipoteza

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi wa Dar es Salaam ambaye tayari ana bitcoin, ether au USDT (sarafu inayofuata thamani ya dola ya Marekani) kwenye soko la mtandaoni au kwenye programu ya simu, na sasa anataka kuziweka chini ya ulinzi wake mwenyewe kwa kutumia pochi ya kifaa, yaani kifaa kidogo cha kielektroniki kinachounganishwa na kompyuta. Haufundishi kununua wala kuuza, na haumshawishi mtu kuingia kwenye biashara hii kama hajaingia. Unachukulia kwamba mali ipo, na kwamba kilichobaki ni kuihamisha isipotee njiani.

Sababu za kuhamisha zinafahamika. Sarafu zilizo kwenye soko ziko mikononi mwa kampuni, na kampuni huanguka: soko la Mt. Gox la Tokyo lilipofilisika mwaka 2014 lilitangaza kupoteza bitcoin zipatazo 850,000, na FTX ilipoanguka mwezi Novemba 2022 wateja walijikuta hawawezi kutoa chochote. Hapa jijini kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi, nayo ni simu. Mtu anayeporwa simu ikiwa wazi mkononi, akiwa kwenye bajaji au kituo cha daladala, anaweza kupoteza kwa mkupuo mmoja laini yake, barua pepe yake, na programu ya soko iliyofunguliwa kwa namba ileile ya simu.

Hata hivyo si kila mtu anahitaji kifaa. Vifaa vya bei nafuu vinavyoaminika huuzwa kwa takribani dola 50 hadi 80 kabla ya gharama za usafirishaji na forodha. Mwenye sarafu za thamani ya laki mbili hana sababu ya kununua ulinzi unaokaribia bei ya kitu kinacholindwa. Ni afadhali aimarishe nywila zake kwanza na asubiri fungu likue.

Kinachokaa ndani ya kifaa

Wengi hudhani kwamba sarafu zenyewe zinaingia ndani ya kifaa. Haziingii. Zinabaki kwenye daftari la umma la mtandao husika, ambalo nakala zake zimetapakaa kwenye kompyuta nyingi duniani, na kinachokaa ndani ya kifaa ni ufunguo wa siri unaotumika kusaini maelekezo ya kuzihamisha. Kifaa ni kama mhuri wa ofisi uliofungiwa kabatini: barua inaweza kuandikwa na karani yeyote kwenye kompyuta yoyote, lakini haina nguvu mpaka igongwe mhuri, na mhuri hautoki kabatini. Vivyo hivyo kompyuta huandaa muamala na kuupeleka kwenye kifaa, kifaa huuonyesha kwenye skrini yake chenyewe, wewe unabonyeza kukubali, kisha kinarudisha saini peke yake.

Hapo yanafuata mambo mawili ambayo hatua zote zilizobaki zinayategemea. La kwanza ni kwamba kifaa kikiibwa, kikivunjika au kikidondoka baharini ukiwa kwenye pantoni ya Kigamboni, sarafu hazijapotea, kwa sababu ufunguo unaweza kuzalishwa upya kwenye kifaa kingine kwa kutumia maneno 12, 20 au 24 ambayo kifaa kilikupa siku ya kwanza. La pili ni kinyume chake: yeyote atakayeyaona maneno hayo hana haja ya kifaa chako, wala namba yako ya siri, wala simu yako. Atayaingiza kwenye kifaa chake akiwa popote duniani na kuhamisha kila kitu. Tahadhari nyingi zitakazotajwa hapa chini, kwa hiyo, zinahusu kipande cha karatasi ulichoandikia maneno hayo kuliko zinavyohusu kifaa chenyewe.

Neno moja kuhusu sheria. Mwezi Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwa umma kwamba sarafu hizi hazitambuliwi kama fedha halali nchini. Mwezi Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ijiandae kwa mabadiliko yanayokuja. Na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamisho wa mali za kidijitali. Kuhamisha sarafu zako kutoka akaunti yako kwenda kwenye kifaa chako hakuna mnunuzi ndani yake, lakini kwenye daftari la mtandao uhamisho huo unaonekana sawasawa na malipo kwa mtu mwingine. Tunza kumbukumbu ya kila uhamisho: tarehe, kiasi, anwani iliyotuma na iliyopokea. Daftari la kawaida la kaunta linatosha.

Kununua kifaa

Nunua kwenye tovuti ya mtengenezaji, au kwa muuzaji ambaye jina lake limeorodheshwa kwenye tovuti hiyo. Ushauri huu una usumbufu wake, kwa sababu kifurushi kinatoka Ulaya, kinapita forodha, na wakati mwingine kinachelewa, huku matangazo ya Instagram yakiahidi kukuletea kifaa hichohicho mlangoni leo jioni. Vumilia. Kifaa cha kulinda siri ndicho kitu pekee ambacho bei ya mitumba ina gharama kuliko bei ya dukani.

Udanganyifu wa kawaida ni rahisi kuutambua kwa mtu aliyeonywa. Muuzaji wa Kariakoo anakukabidhi boksi na kusema, «Bosi, hii nimeshakuwashia kabisa, usihangaike. Maneno yako haya hapa kwenye kadi, namba ya siri ni moja mbili tatu nne, wewe unaingiza mzigo tu.» Kadi imechapishwa vizuri, pengine ina sehemu ya kukwangua kama vocha, na inaonekana kama huduma nzuri. Kumbe nakala ya maneno hayo anayo yeye au aliyemuuzia, naye atakaa miezi kadhaa akisubiri fungu linone. Shika kanuni hii: maneno halali huzaliwa mbele ya macho yako, kwenye skrini ya kifaa, siku unapokiwasha kwa mara ya kwanza. Maneno yoyote yaliyokuja ndani ya boksi yakiwa yameandikwa ni mtego.

Upo pia udanganyifu usioonekana kwa macho. Mwaka 2023 kampuni ya usalama wa mitandao ya Kaspersky ilieleza habari za kifaa kilichofanana kabisa na Trezor halisi, moja ya pochi za kifaa zinazojulikana zaidi, lakini kilichobadilishwa vipuri na programu yake ya ndani, ile inayokiendesha chenyewe. Badala ya kuzalisha maneno kwa bahati nasibu, kilichagua seti moja ya maneno kati ya seti 20 ambazo wezi walikuwa wamezitayarisha. Lakiri inayong'aa kwenye boksi haikumsaidia mnunuzi kitu. Ndiyo maana kipimo cha kutegemewa ni ile hatua ya kuthibitisha uhalisi ambayo programu rasmi ya mtengenezaji huifanya kifaa kinapounganishwa, pamoja na njia ambayo kifaa kimekufikia.

Mambo mawili ya kuangalia kabla ya kulipa. Kwanza, hakikisha kifaa unachotaka kinahudumia sarafu na mtandao unaoutumia; kama USDT yako iko kwenye mtandao wa Tron, jambo la kawaida kwa wanaonunua kwa P2P (moja kwa moja kutoka kwa mtu mwingine) na kulipa kwa pesa za simu, fahamu kwamba si kila modeli inahudumia Tron, na orodha kamili iko kwenye tovuti ya mtengenezaji. Pili, usitoe anwani ya nyumbani. Mwaka 2020 kumbukumbu za wateja wa duka la Ledger, mtengenezaji mwingine mkubwa wa vifaa hivi, zilivuja, na majina, namba za simu na anwani za watu wapatao 272,000 yakasambazwa mtandaoni; baadaye baadhi yao walitumiwa kwa posta vifaa bandia na barua za vitisho. Tumia anwani ya ofisi, au chukua kifurushi mwenyewe kwenye ofisi ya msafirishaji.

Siku ya kuandaa

Chagua siku ambayo huna haraka, kwenye chumba kisicho na watu wengine wala kamera. Kamera hapa ni pamoja na simu yako: iweke chumba kingine. Kompyuta iwe yako, si ya ofisini wala ya steshenari, na programu uipakue kwa kuandika mwenyewe anwani ya tovuti iliyochapishwa kwenye boksi. Usiitafute Google ukabofya tangazo la kwanza, na usidhani kwamba maduka rasmi ya programu yanatosha kukukinga, kwa sababu mwaka 2023 programu bandia iliyojitambulisha kama Ledger Live, programu rasmi ya Ledger, ilipenya hadi kwenye duka la Microsoft, na waliopakua na kuingiza maneno yao waliibiwa.

Unganisha kifaa kwa waya uliokuja nacho. Kifaa kipya cha Trezor hufika bila programu ya ndani, nawe utaiweka siku hiyo. Cha Ledger hufika bila namba ya siri wala maneno. Kama kifaa kinachodaiwa kuwa kipya kinakuuliza namba ya siri ambayo hukuiweka wewe, kirudishe ulikokitoa. Ruhusu programu ithibitishe uhalisi, ukubali sasisho la programu ya ndani kama lipo, kisha uchague kuanzisha pochi mpya.

Namba ya siri iwe na tarakimu sita au zaidi, isiwe ile ya pesa za simu na isiwe mwaka wa kuzaliwa. Ledger hujifuta baada ya kukosea mara 3, na Trezor baada ya kukosea mara 16, kwa hiyo mwizi hana nafasi ya kubahatisha kwa muda mrefu, ila namba kama 1234 haihitaji hata hizo tatu.

Sasa maneno. Kifaa kitayaonyesha moja baada ya jingine kwenye skrini yake ndogo. Yatakuwa ya Kiingereza, yametolewa kwenye orodha ya maneno 2,048 iliyokubaliwa mwaka 2013, na ndani ya orodha hiyo hakuna maneno mawili yanayolingana herufi nne za mwanzo. Faida yake ni kwamba hata mwisho wa neno ukifutika, herufi nne zinatosha kulitambua. Yaandike kwa mkono, kwa herufi kubwa zilizoachana, kila neno na namba yake, kwa sababu mpangilio nao ni sehemu ya siri. Maneno yaleyale yakipangwa vingine hufungua pochi nyingine, au hayafungui kabisa. Angalia hasa U na V, na pia N na H, ambazo mwandiko wa haraka huzifananisha. Usiyasome kwa sauti ili mwenzako aandike. Usiyapige picha hata kwa dakika moja, maana simu nyingi hupeleka picha kwenye hifadhi ya mtandaoni zenyewe bila kukuuliza. Usiyatume WhatsApp «kwa muda tu», usiyahifadhi kwenye barua pepe, na usiende kuyatolea fotokopi. Nakala ya pili nayo andika kwa mkono.

Wenye vifaa vinavyotoa maneno 20, kama Trezor za karibuni, wafahamu kwamba huo ni utaratibu tofauti na ule wa 12 au 24, na kwamba maneno yao hayatapokelewa na kila kifaa cha kampuni nyingine.

Kukifuta kifaa kabla ya kukiamini

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, nami naiona kuwa ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mtu aliyeandika maneno 24 huamini kwamba ana nakala. Kwa kweli ana karatasi ambayo haijawahi kupimwa, na ataipima siku ambayo kifaa kimeharibika na fungu lote limo, siku ambayo kosa la herufi moja halina tiba. Ipime leo, wakati pochi haina kitu.

Utaratibu ni huu. Fungua akaunti ya sarafu yako kwenye programu, ubofye sehemu ya kupokea, na kifaa kitaonyesha anwani kwenye skrini yake. Inakili anwani hiyo ya kwanza kwenye daftari, yote, au angalau herufi kumi za mwanzo na kumi za mwisho. Kutoka kwenye soko tuma kiasi kidogo ambacho hakitakuumiza kikipotea, na usubiri kifike. Kisha ingia kwenye mipangilio ya kifaa ukifute kabisa, kirudi kama kilivyotoka kiwandani. Mkono utasita hapo. Ndiyo maana ya kufanya hivyo kwa kiasi kidogo.

Washa kifaa upya, chagua kurejesha pochi iliyopo, na uingize maneno kutoka kwenye karatasi yako, siyo kutoka kichwani. Kwa Ledger na kwa Trezor zenye skrini ya kutosha, maneno huingizwa kwenye kifaa chenyewe. Usiyachape kwenye kompyuta isipokuwa pale ambapo maelekezo rasmi ya modeli ya zamani yanataka hivyo. Ukimaliza, fungua tena akaunti ileile. Lazima uone mambo mawili: kile kiasi kidogo kipo, na anwani ya kwanza ni ileile uliyoiandika kwenye daftari. Kwa bitcoin programu inaweza kukuonyesha anwani mpya, kwa sababu ile ya kwanza imekwisha kutumika, hivyo itafute kwenye orodha ya miamala iliyopita.

Kwa nini tusitosheke na kuona kwamba kifaa kimeyapokea maneno? Kwa sababu neno la mwisho hubeba ndani yake kipimo cha kugundua makosa, lakini kipimo hicho hakigundui kila kosa. Katika maneno 12, takribani mpangilio 1 kati ya 16 uliokosewa hupita bila kukataliwa; katika maneno 24 ni 1 kati ya 256. Kosa likipita, kifaa hakitalalamika; kitafungua pochi nyingine kabisa, halali na tupu, na mwenye nayo ataanza kusema ameibiwa. Kiasi kidogo ulichotuma ndicho kinachokutofautishia pochi yako na pochi tupu isiyo ya mtu.

Kabla ya kuendelea, rudisha sehemu ya kiasi hicho kwenye soko kutoka kwenye kifaa. Kupokea peke yake hakuthibitishi kwamba unaweza kutuma, na hapa ndipo wenye USDT hugundua jambo ambalo soko huwa linawafichia: ada ya mtandao hulipwa kwa sarafu ya mtandao wenyewe. Kutuma USDT iliyo kwenye Tron kunahitaji TRX, na iliyo kwenye Ethereum inahitaji ether. Weka akiba ya sarafu hiyo kwenye pochi tangu sasa, usije ukawa na fungu kubwa lisiloweza kutoka.

Anwani na mtandao

Anwani ya bitcoin huanza kwa 1, kwa 3 au kwa bc1. Anwani ya Ethereum huanza kwa 0x na ina herufi na tarakimu 42 kwa jumla. Anwani ya Tron huanza kwa T na ina 34. Soko litakapokuuliza mtandao wa kutolea, jibu lako litokane na anwani iliyo kwenye kifaa, kamwe lisitokane na mtandao wenye ada ndogo kuliko yote. Anwani za Ethereum na za mtandao mwingine uitwao BNB Smart Chain zinafanana kwa sababu zinatokana na ufunguo uleule, hivyo aliyekosea kati ya hizo mbili kwa kawaida anaweza kuzifikia sarafu zake kwa kuunganisha kifaa na programu nyingine. Makosa mengine hayana njia ya kurudi, na hakuna dawati la huduma kwa wateja ambalo litaurejesha muamala kama wakala anavyoweza kukusaidia pesa ya simu iliyokwenda namba isiyo yake.

Vipo virusi vinavyokaa kimya kwenye kompyuta vikisubiri unakili anwani, kisha unapoibandika huweka anwani ya mwizi badala yake. Upo pia ujanja wa kukutumia vijisenti kutoka kwenye anwani iliyotengenezwa ifanane na yako mwanzo na mwisho, ili siku nyingine uinakili kwenye historia ya miamala kwa kudhani ni yako. Dawa ya yote mawili ni moja: kila unapotaka kupokea, zalisha anwani upya kwenye programu, ilinganishe na iliyo kwenye skrini ya kifaa, kisha linganisha hiyo na iliyobandikwa kwenye soko, mwanzo, katikati na mwisho. Macho yakichoka, pumzika.

Kuhamisha fungu lenyewe

Kama soko lako lina orodha ya anwani zilizoidhinishwa kwa ajili ya kutolea, iwashe na uiingize anwani ya kifaa. Masoko mengi huzuia utoaji kwa muda baada ya mabadiliko hayo, na baadhi huzuia pia sarafu zilizonunuliwa kwa P2P kwa muda fulani. Usione kuwa ni ubaya, kwa maana muda huo ndio utakaokupa nafasi ya kugundua kama kuna mtu mwingine ndani ya akaunti yako.

Gawa fungu mara mbili au tatu. Ada itaongezeka kidogo, na kwa bitcoin siku ambayo mtandao umejaa nyongeza hiyo si ndogo, lakini kwa mtu anayehamisha akiba ya miaka mingi ni bei ya kulala usingizi. Tuma sehemu ya kwanza, subiri uthibitisho, iangalie kwenye programu na kwenye tovuti ya kuchungulia miamala ya mtandao husika, ndipo utume inayofuata. Bloku ya bitcoin, yaani kundi la miamala linaloongezwa kwenye daftari, hupatikana kwa wastani wa kila dakika 10, na kwa kiasi kikubwa desturi ni kusubiri thibitisho 6, kila bloku ikihesabiwa thibitisho moja, yaani kama saa moja. Umeme ukikatika katikati usihamaki: wakati wa kupokea kifaa hakihitaji hata kuwa kimewashwa, na muamala uliokwisha kutumwa na soko unaendelea kwenye mtandao bila kujali kwamba LUKU yako imeisha.

Mambo ambayo kifaa hakiyazuii

Kifaa husaini unachokikubali, hata kama umekubali bila kuelewa. Mwezi Februari 2025 soko la Bybit liliibiwa ether zenye thamani ya takribani dola bilioni 1.5 ilhali waliokuwa na mamlaka ya kusaini walitumia vifaa vya aina hii. Kompyuta ziliwaonyesha uhamisho wa kawaida, na walichokisaini kilikuwa kingine. Somo kwa mtu binafsi ni kutokubali muamala ambao skrini ya kifaa inauonyesha kama mfululizo wa tarakimu zisizosomeka, hasa kwenye tovuti zinazoahidi kugawa sarafu za bure. Kama unapenda kujaribu tovuti hizo, tenga pochi nyingine yenye fedha ya kuchezea.

Kifaa hakizuii pia kampuni ya Tether, inayotoa USDT, kuifungia anwani yenye sarafu hiyo, jambo ambalo imekwisha kulifanya mara nyingi kwa maombi ya vyombo vya sheria. Bitcoin haina mtu wa kuifungia hivyo. Anayeweka akiba ya muda mrefu alipime hilo.

Halafu kuna ujumbe utakaokufikia: barua pepe yenye nembo ya mtengenezaji, sauti ya upole kwenye simu, au «admini» wa kundi la Telegram anayekuita «ndugu yangu» na kukueleza kwamba kifaa chako kina hitilafu na unatakiwa kuthibitisha maneno yako kwenye ukurasa fulani. Mtengenezaji haulizi maneno hayo kwa sababu yoyote ile. Kata simu, futa ujumbe, na kama una wasiwasi fungua mwenyewe programu uliyoipakua siku ya kwanza.

Kutunza maneno, na watakaobaki

Karatasi ina maadui wake hapa pwani. Unyevu huiotesha ukungu, chumvi ya hewani huharibu hata vibanio vya chuma, mchwa hawahitaji maelezo, na nyumba zilizo karibu na bonde la Msimbazi zinajua mafuriko yanavyofanya. Wino wa peni nyingi hutawanyika ukilowa. Penseli huvumilia maji vizuri zaidi. Nakala ya kudumu igongwe kwenye kipande cha chuma kisichoshika kutu. Kipande chenyewe unaweza kukatiwa na fundi wa Gerezani, na seti ya herufi za kugongea huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya ufundi, lakini kazi ya kugonga ifanye mwenyewe nyumbani. Fundi akikuchongea maneno, hata awe mwaminifu kiasi gani, siri imekwisha kuwa ya watu wawili. Herufi nne za mwanzo za kila neno zinatosha, nawe utapunguza kelele kwa majirani.

Nakala mbili zikae sehemu mbili zisizoweza kukumbwa na janga moja, kwa mfano moja nyumbani Tabata na nyingine kwa mzazi mkoani, ndani ya bahasha iliyofungwa na kusainiwa juu ya gundi. Usigawe maneno nusu kwa nusu ukidhani umeongeza ulinzi: nusu moja ikipotea umepoteza yote, na nusu iliyoibwa humrahisishia mwizi kazi.

Mwenza au mtoto mkubwa anapaswa kujua kwamba mali hii ipo, hata kama hajui maneno. Andika karatasi tofauti, kwa Kiswahili cha kawaida, inayoeleza ni kifaa cha aina gani, kina sarafu gani kwenye mtandao upi, bahasha ziko kwa nani, na ni jamaa yupi anayeelewa mambo haya na anaweza kukaa nao wakati wa kurejesha. Karatasi hiyo inaweza kwenda pamoja na wosia, iwe umeuhifadhi RITA (wakala wa serikali wa usajili na udhamini) au kwa wakili. Maneno yenyewe yasiandikwe ndani ya wosia, kwa sababu shauri la mirathi likifunguliwa wosia husomwa mahakamani mbele ya watu, na nakala yake hubaki kwenye jalada.

Mara moja au mbili kwa mwaka washa kifaa, pokea masasisho kupitia programu rasmi, na uangalie kama bahasha bado zimefungwa. Ukikuta saini ya juu ya gundi imekatika, usipoteze muda kuuliza nani ameifungua: anzisha pochi mpya yenye maneno mapya kwenye kifaa kingine, uhamishe sarafu zote siku hiyohiyo, na maswali yafuate baadaye.